Baba, kwenye picha usicheke

Jana usiku, sahani bado hazijatoka mkekani, binti yangu wa kidato cha nne akanisogelea na "shikamoo baba". Alikuwa ameshaniamkia asubuhi. Shikamoo ya pili kwa siku moja ina gharama, mzazi yeyote anajua.

"Baba, Jumamosi kwenye picha ya mahafali, naomba usicheke."

Yaani mimi. Shida ni pengo la juu upande wa kulia. Pengo lenyewe nililipata kwa kutafuna mgebuka mkavu, nikibana matumizi ili yeye apate madaftari. Nikameza mate, nikasema sawa mama, sitacheka. Akashukuru, halafu akatoa karatasi.

Mtihani wa taifa wa Novemba hauna maswali mengi kama ile karatasi. Shati jeupe jipya, maana la zamani limeshaiva rangi ya mawese. Soksi. Losheni ya kuondoa chunusi. Poda. Manukato! Ndugu zangu, picha inanuka? Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo kuliko mwingine wote: hela ya kuediti. Nikauliza kuediti ndiyo nini. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza bibi yake, kwamba mpiga picha ataondoa chunusi kwa kompyuta. Sasa kama kompyuta inaondoa chunusi, losheni ya nini? Kimya. Miaka minne ya hisabati, kimya.

Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, tunashukuru, lakini waraka haukugusa losheni.

La nywele nimelinyamazia. Shule inataka kichwa kimenyolewa, mhitimu anataka nywele zifike mabegani. Mwafaka uliofikiwa ni kipara mbele ya mwalimu, wigi mbele ya kamera. Wigi la kukodi, linapokezanwa kwa zamu. Kwenye albamu watakaa wasichana kumi na wawili wa koo tofauti wenye nywele moja.

Sisi tulikwenda studio na uso tuliozaliwa nao. Nyuma yako pazia lenye ndege na maporomoko ya maji, mkononi ua la plastiki, unaambiwa usipepese. Mkanda ulikuwa na picha 36, ukibahatika unatoa ya 37, na mwenye studio hakuwa tayari kuunguza ya pili kwa ajili ya macho yako. Mimi nilipepesa. Picha ile iko sebuleni hadi leo, na wageni huniuliza marehemu alikuwa nani kwangu.

Ndiyo maana safari hii nilitaka nitokee vizuri. Suti ninayo, nimeolea. Suruali na kifungo chake hawasalimiani tena, lakini koti litafunika. Tabu ni harufu. Kazi yangu ni kuandika magunia ya dagaa pale Kibirizi, hapa Kigoma, na dagaa hawabaki kazini. Mama watoto kaianika suti siku ya tatu leo chini ya mwembe, na paka watatu wameketi wanaisubiri idondoke.

Nikajiambia, basi kichwa ndicho kitakachoniokoa. Leo mchana nikapanda Mwanga, kwenye saluni yenye bango la vichwa vya Wamarekani vilivyopewa namba. Mimi huwa sina namba. Huwa nakaa, nanyolewa, natoa elfu mbili, naondoka.

"Mzee, kuna shughuli?" kijana akauliza, mashine hewani.

"Mahafali ya binti."

Hapo ndipo nilipokosea. Kinyozi hasikii mahafali, anasikia hela.

"Basi mzee wangu, haya masharubu tuyatie piko kidogo. Hizi mvi, watu watadhani babu ndiye kaja."

Nikajikohoza kama mwenyekiti wa kikao. Nikamwambia, kijana, Stanley alipokaribia Ujiji hapo mwaka 1871, aliagiza suti mpya itolewe, buti zipakwe mafuta, kofia ipakwe chaki, ili aonekane mtu mbele ya Livingstone. Na Livingstone mwenyewe alimpokea na ndevu zake za mvi, na hadi leo watu wanapanda ndege kuja kuona mahali aliposimama. Mvi ni heshima.

Kijana akafikiri. "Lakini mzee, Livingstone hakuwa anapigwa picha na binti wa kidato cha nne."

Hoja ikanikalia. Akakoroga piko kwenye kizibo cha soda, akanipaka kwa mswaki ambao sikuuliza historia yake. "Dakika tano tu. Usiongee mzee, itaingia mdomoni."

Nikafunga mdomo. Dakika ya pili akaingia mteja mwenye jezi ya Simba. Kijana ni Yanga. Wakaanza bao la msimu gani lile, nani alitoa pasi, mwamuzi alikuwa wapi. Wote wawili walikosea. Mimi mechi ile niliisikiliza redioni tangu mwanzo hadi mwisho, jibu ninalo, limesimama nyuma ya meno na siwezi kulitoa! Nikanyoosha kidole. "Tulia mzee, bado haijakolea." Nikaguna. "Umeona? Hata mzee anakubaliana na mimi," akasema yule wa Simba. Sikukubaliana naye! Sijawahi!

Katikati ya vita hiyo akatokea dada, akanilaza kichwa nyuma, akaanza kunipaka usoni kitu kama uji wa ulezi uliolala. Nikatikisa kichwa kukataa. "Usitikise baba, kitaingia machoni." Basi na macho nikafumba. Mtu mzima, mke na watoto wanne, nimekaa gizani sioni, siongei, napakwa. Nikasikia maji ya moto. Nikasikia vidole shingoni vinaniuliza kama nina mawazo mengi. Nilikuwa sina, yalianza hapo.

Nilipofunguliwa, dakika tano zilikuwa nusu saa. Kunyoa elfu mbili, piko elfu tatu, skrabu elfu tano, masaji elfu nne. Elfu kumi na nne! Sikuomba masaji! Kuna mtu anatozwa kwa kunyamaza? Hiyo ilikuwa hela ya unga na mboga na nauli ya kesho, na binti bado ana karatasi yake pale nyumbani inanisubiri.

Kwenye kioo, masharubu meusi tii. Na mdomo wa juu mweusi tii. Na kijia kidogo kimepanda hadi puani. Wakajaribu spiriti, limao, sabuni ya kufulia. "Itatoka yenyewe mzee, wiki mbili tu." Picha ni keshokutwa.

Nje, bodaboda akaniita: "Babu, twende?" Babu! Na piko lote hili!

Mama watoto alicheka hadi akakaa chini. Akanifariji eti Liemba ilizama tangu 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927, wiki mbili ni nini? Nikamwambia ile ni meli, haina binti. Binti mwenyewe akanizunguka mara mbili bila neno, akaishika taa karibu.

"Baba, basi Jumamosi cheka. Watu waangalie pengo."

Nikaona bora nikafuate pasi. Pasi yetu ya mkaa iko kwa jirani tangu Idi. Mtu anaazima pasi ya mkaa miezi yote hiyo, ananyoosha nini, barabara? Na yeye ana kijana anayehitimu Jumamosi hiyohiyo. Nimebisha hodi mara tatu. Kafungua mlango nusu, kajifunika leso kuanzia puani hadi kidevuni, anasema ana mafua. Nami nikasema nina mafua. Tumesimama hapo kwa muda.

Pasi hajanipa. Anasema ameiazimisha.