Theluji ya Buffalo haiui kwa wingi wake

Ndugu zangu wa Mwanza wakiona picha za theluji iliyopanda hadi madirishani huku Buffalo, mji wa jimbo la New York, huniuliza: mnaishije huko? Nikiwajibu kwamba tunaishi vizuri tu, wanadhani najikaza. Wala sijikazi. Mji huu uko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, na watu wake wameizoea theluji kama sisi tulivyozoea masika. Kinachonikera ni ile imani ya nyumbani kwamba kwa kuwa huku ni Marekani, basi serikali itakufikia popote ulipo. Desemba 2022 haikufika.

Kwanza mjue theluji yetu inatoka wapi, maana wengi hufikiri baridi ikizidi tu inaanguka. Ziwa Erie lina urefu wa kilomita 388 na limelala kama mfereji ulioelekezwa kwetu. Novemba na Desemba maji yake bado yana joto la kiangazi. Upepo mkavu wenye baridi kali ukipita juu yake kwa urefu wote huo, unabeba mvuke, na ukifika nchi kavu unaumwaga wote. Tena unaumwaga kwenye ukanda mwembamba: Hamburg na Orchard Park, vitongoji vyetu vya upande wa kusini, wanafukiwa, huku wa kaskazini mwa jiji wakiota jua. Ziwa likishaganda, shughuli hiyo hupungua sana. Mtu wa Mwanza hapaswi kushangaa. Ziwa Victoria nalo hujitengenezea dhoruba zake: usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto, na radi huanza kupiga saa zile zile wavuvi wa dagaa wako huko na taa zao.

Sasa angalieni mwaka 2022. Katikati ya Novemba, Orchard Park ilipata theluji ya karibu mita 2 kwa siku chache. Mechi ya Bills, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ilibidi ihamishiwe mji wa Detroit. Waliokufa walikuwa wachache, kwa sababu tahadhari ilitolewa mapema, barabara zikafungwa mapema, watu wakakaa ndani. Mwezi mmoja baadaye theluji ilikuwa pungufu, lakini ilikuja na upepo wa zaidi ya kilomita 110 kwa saa, siku za sikukuu, na watu zaidi ya 40 wakafa katika wilaya yetu ya Erie. Wengine waligandia ndani ya magari, wengine walikutwa nje barabarani, wengine majumbani baada ya umeme kukatika. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yenyewe yalikwama.

Watabiri walikuwa wamesema siku kadhaa kabla. Lakini amri ya kuzuia magari ilitangazwa Ijumaa asubuhi, Desemba 23, wakati watu wengi wameshafika kazini. Mwenye mshahara wa mwezi na kompyuta nyumbani alibaki nyumbani. Anayelipwa kwa saa, kwenye ghala au jikoni mwa watu, asipofika hana hela. Ndani ya jiji, zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa weusi, na weusi ni kama theluthi moja tu ya wakazi. Upande wa Mashariki wanakoishi wengi wao maduka ya chakula ni ya kuhesabu, kwa hiyo kuna waliotoka kutafuta chakula tu. Mkiniuliza mimi, hayo siyaiti maafa ya theluji.

Waliookoa watu walikuwa majirani. Kijana mmoja alivunja dirisha la shule akawaingiza ndani watu waliokuwa wanaganda barabarani, akaacha barua ya kuomba radhi. Huku kwetu Upande wa Magharibi, ambako Wakongo na Warundi ni wengi na Kiswahili unakisikia hadi dukani, ujumbe wa sauti ulizunguka kwenye simu usiku kucha: nani ana maziwa ya mtoto, nani hana umeme, mzee wa ghorofa ya pili amejibu? Mtaa usio na mazoea hayo, mzee wake angeulizwa na nani? Mzungu wa huku anaweza kukaa miaka asijue jina la jirani.

Msije mkafikiri nasifia kwetu tu. Novemba hiyo hiyo, tarehe 6, ndege ilianguka ziwani Bukoba hali ya hewa ikiwa mbaya, watu 19 wakafa. Wavuvi ndio waliowahi. Kijana Majaliwa Jackson akapongezwa, akapewa shilingi milioni 1 na kazi ya zimamoto, na alistahili. Ila kwenye vijiwe vyetu mazungumzo yaliishia kwenye ushujaa wake, na swali la boti za uokoaji likafunikwa na “ajali haina kinga”. Buffalo walilia, halafu wakauliza. Chuo Kikuu cha New York kikapewa kazi ya kuchunguza, na ripoti ilipotoka 2023 ikaandika wazi kwamba amri ile ilichelewa.

Hilo ndilo ningelibeba kurudi nalo, kuliko makatapila yao ya theluji. Mtumbwi ukizama Ukerewe, nataka kusikia mtu akiuliza kwenye mkutano wa mwalo: utabiri ulitoka saa ngapi, uliwafikia wavuvi saa ngapi, na nani aliyewaambia wasukume mitumbwi hata hivyo?