Kijerumani cha Kustaafia

Jamani, mimi Kijerumani nilianza kujifunza ili nijue kununua mkate na kumwelewa bosi akifoka. Sasa tumefika kiwango cha kati, B1, na mwalimu katuletea mada ya akiba ya uzeeni. Watu tumetoka zamu, nyayo zinawaka moto, eti tuimbe pamoja: Altersvorsorge! Hilo afadhali. Likaja Renteneintrittsalter, umri wa kuanza kula pensheni. Ukimaliza kulitamka, umri wenyewe umeshasogea.

Na umri wenyewe hapa Ujerumani ni miaka 67, kwa sisi tuliozaliwa kuanzia 1964. Kwetu Tanzania mtumishi wa umma anastaafu na 60, na hapo bado ana ugomvi wake na kikokotoo, ile hesabu ya kupanga mafao yake. Huku mwenye 60 anaulizwa Jumamosi anaweza kuja kushika zamu.

Kinachonimaliza hasa ni vitenzi vyao vya kukatwa vipande. Mtu anaanza: "Ich zahle jeden Monat..." Haya, analipa kila mwezi, lakini pesa inaingia au inatoka? Hasemi! Anakuzungusha, anakutajia mfuko, anakutajia mwajiri, wewe umekodoa macho, mpaka mwisho kabisa ndipo anadondosha "ein". Kumbe anachangia. Angesema "aus", pesa ingekuwa inatoka. Lugha gani hii ya kumweka mtu roho juu kwa neno la mwisho?

Yangu mimi ni "ein" tupu. Mchango ni asilimia 18.6 ya mshahara kabla ya makato, nusu yangu, nusu ya mwajiri. Ya mwajiri wanasema ipo. Ya kwangu naiona kila mwezi ikiondoka bila kuaga. Na usipofikisha miaka 5 ya michango, pensheni ya uzee huna.

Juzi nikamjaribia jirani, mzee wa Kijerumani, sentensi niliyokariri kwa jasho: "Ist die Rente sicher?" Nilitaka tu kujua kama pensheni ina uhakika. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe mwaka 1986 waziri wao wa kazi, Norbert Blüm, alibandika bango kutangaza kwamba kitu kimoja ni cha uhakika, nacho ni pensheni. Wenyewe wamelifanya utani hadi leo. Mimi nimelipa ada ya kozi nifundishwe kuchekesha wazee kwenye ngazi!

Basi nikakosea nini, nikamsimulia mama kwenye simu. Mama kamwambia shangazi, shangazi hana breki. Asubuhi nakuta ujumbe wa sauti wa mjomba: "Mwanangu, nasikia una fungu zuri huko kwa Wajerumani. Nitolee laki tatu tu, nimalizie mabati."

Nikampigia. Nikamweleza taratibu, kwa heshima zote: mjomba, hiyo hela haiguswi mpaka nifike miaka 67.

Kimya. Halafu akasema, "Sawa, nimekuelewa. Basi tuma nusu."