Yanafika Kiunoni

Nilitaka ufuo usio na mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu mama watoto akisimulia kisa hiki hufika mahali akanionea huruma, na huruma yenyewe siistahili. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichagua mwenyewe. Na nilipojikuta nimejibanza nyuma ya jiwe, maji yako kifuani, mkononi nimeng'ang'ania kitaulo cha mtoto chenye picha ya bata, sikuwa na wa kumlaumu ila hiki kichwa changu.

Nilikuwa nimechoshwa na fukwe za watu. Unatandika mkeka, kabla hujakaa mpira umekupiga kisogoni. Unafumba macho usikilize mawimbi, unasikiliza spika za watu wanne, kila mmoja na wimbo wake. Kwa hiyo niliposikia kuna ghuba ndogo, nyuma yake jabali limesimama wima kama ukuta wa gereza, kushoto mwamba, kulia mwamba, njia ya miguu hakuna, usipopanda mashua hufiki, nilijiona nimeshafika.

Tena mimi si mtu wa kukurupuka. Usiku wa kuamkia safari nilipakua kwenye simu programu ya saa za maji kujaa na kupwa, nikaanza kumsomesha mama watoto aliyekuwa anafunga mizigo. Nikamweleza kwamba mwezi ndio unaoyavuta maji na jua linasaidia. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga, vyote viwili huvuta kwa mstari mmoja, ndipo tunapata bamvua: maji yakijaa yanajaa kweli, yakipwa yanapwa kweli. Na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Akasema, "Haya."

Ile "haya" haikuniridhisha. Nikaongeza habari za Ghuba ya Fundy, mashariki mwa Kanada, ambako bahari inaweza kupanda hata mita 16 kutoka kupwa hadi kujaa, hakuna kwingine duniani kunakopita hapo. Nikaitafuta kwenye programu nimwonyeshe. Akatazama, akatoa "haya" nyingine, akaniuliza kama nimeiona kofia yake. Nikaweka simu chaji, nikalala.

Nahodha wetu alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyebania maneno kana kwamba nayo yanakula mafuta ya injini. Akaangalia mizigo yangu: kiti cha kukunja, mwavuli mkubwa, kasha la barafu, begi la nguo, na kitabu cha kurasa 600 nilichokuwa sijakifungua kwa miaka minne.

"Mwanangu," akasema, "mnahamia?"

Safari ilikuwa shwari, sina la kusimulia. Saa nne asubuhi tukaingia ghubani, na nakiri nilinyamaza. Mchanga mweupe, mpana, umelala hadi kwenye jabali bila unyayo hata mmoja. Hakuna mtu. Hakuna mpira. Nikamgeukia mama watoto kwa sura ya mtu aliyeumba mahali pale kwa mikono yake.

Mashua ikasimama mbali kidogo, kama hatua mia moja hivi. Nahodha akazima injini, akatia nanga.

"Mwisho hapa. Maji yamepwa, mbele matumbawe."

"Hapa kina chake kikoje, mzee?"

"Yanafika kiunoni."

Kiuno ni kipimo kizuri, ila lazima uulize ni kiuno cha nani. Mimi sikuuliza. Nilivaa begi mgongoni, kitabu nikakitia kwapani, simu nikampa mama watoto anirekodi, kwa sababu nilishaona video za watu wanaruka kutoka mashuani kwa madaha. Video ipo hadi leo. Inaonyesha mtu akiruka kwa mbwembwe zote. Halafu inaonyesha bahari. Bahari peke yake, kwa muda. Halafu kofia.

Nilipoibuka maji yalikuwa shingoni. Ukimtazama Nahodha kuanzia chini, ni kweli, kiuno chake kiko huko huko ilipo shingo yangu. Mama watoto hakusema kitu. Alimwomba mzee aizungushe mashua upande wenye mchanga mtupu, akashuka maji yako magotini, mfuko wake kichwani, mkavu kama alivyotoka nyumbani.

Basi nguo zangu zote zimelowa, za mwilini na za akiba. Nahodha akatusaidia kushusha mizigo, kisha akanyoosha kidevu kuonyesha mstari wa mwani mkavu uliokuwa juu kabisa, karibu na jabali.

"Vitu vyenu viwekeni juu ya mstari ule. Leo bamvua, na bamvua haina mswalie. Saa ya kwanza maji yatanyata, mtadhani yamesinzia. Ya tatu na ya nne yanakimbia. Nitarudi saa kumi, yatakuwa yamejaa, mashua itafika hadi mchangani."

Akaondoka kwenda kuvua nyuma ya mwamba. Nikaichukua simu, nikafungua programu. Nikatabasamu, lile tabasamu la mtu anayemhurumia mzee wa watu. Programu ilisema maji yamejaa sasa hivi, na saa kumi yatakuwa yamepwa kabisa.

"Mzee amekosea," nikamnong'oneza mama watoto, ingawa hapakuwa na wa kutusikia.

"Anafanya kazi hii tangu hujazaliwa."

"Kwa mazoea. Hii ni sayansi."

Akaitazama bahari. Maji yalikuwa kule, mchanga wote umebaki wazi, umelowa, vidimbwi vinameremeta, kaa wanakatiza huku na huku.

"Haya ndiyo yamejaa?"

"Yamejaa kwa kiwango cha hapa," nikajibu.

Hakubishana. Alipanda na mfuko wake hadi juu ya mstari wa mwani, akatandika huko. Mimi nilibaki chini, ambako palikuwa na jiwe moja kubwa bapa lenye kivuli safi ubavuni. Nikaanika nguo juu ya jiwe: suruali, shati, nguo za ndani, za akiba, zote nimezipanga kama duka. Nikaenda kumwomba taulo. Taulo alilopakia kwa haraka lilikuwa la mwanetu wa miaka mitatu. Lina bata wa njano aliyevaa kofia ya ubaharia. Likizunguka kiuno changu linakutana kwa shida, na ukitaka likutane lazima usivute pumzi.

Lakini hapakuwa na mtu! Ndiyo raha yenyewe. Nikakaa kwenye kiti changu na bata wangu, nikajiona mfalme.

Karibu na miguu yangu walikuwapo wale kaa wadogo wanaotembea na magamba ya konokono. Mmoja, saizi ya ukucha, alikuwa ameona gamba jipya. Alikuwa analikagua: anaingiza makucha, anapima mlango, analipindua, anarudi nyuma kulitazama, anapima tena. Mpangaji gani huyo! Halafu ghafla akachomoa tumbo lake, laini, jeupe, limejikunja, na kabla sijapepesa macho akalitumbukiza nyumba mpya. Nikacheka kwa sauti, nikapaza huko juu: "Njoo umwone huyu! Yuko uchi!"

Namkumbuka sana yule kaa.

Baada ya kula nikalaza kiti. Maji yalikuwa yamesogea kidogo, nikasema ni mawimbi tu. Upepo ulivuma vizuri, kivuli kikanifunika, kitabu kilichovimba kwa maji nikakiweka usoni, hivyo hatimaye kikapata kazi.

Kilichoniamsha ni kasha la barafu. Lilinigonga mguuni taratibu, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Nikalisukuma. Likarudi. Nikafumbua macho, nikajikuta nimekaa kitini katikati ya bahari.

Ufuo ulikuwa umekwisha. Ile tandiko yote nyeupe ilikuwa imebaki ukanda mwembamba chini ya jabali, na kwenye ukanda huo mama watoto ameketi juu ya mstari wa mwani, mkavu, anakula embe. Nikageukia jiwe langu. Limeoshwa. Hakuna suruali, hakuna shati, hakuna hata soksi.

"Mbona hukuniita?"

"Nimekuita mara tatu. Ukasema yanapwa."

Shati nililiona. Lilikuwa mbali, limejaa hewa, linaelekea kilindini, na kila wimbi likipita mkono mmoja unainuka kuniaga. Nikalifuata. Kuogelea umevaa taulo ni kazi ya watu wawili, mmoja aogelee, mwingine ashike taulo, na mimi nilikuwa peke yangu. Nilirudi na ndara moja, ya kushoto.

Ndipo nikasikia injini.

Haikuwa moja. Mashua mbili zilizunguka mwamba, zimejaa watu waliovaa makoti ya kuokolea maisha, wanaimba. Nyuma yao, taratibu, mashua ya tatu, ya mzee wetu. Na hapo, nikiwa nimesimama na ndara mkononi, nikaelewa kitu ambacho programu yoyote isingeniambia. Ufuo ule haukuwa wa faragha. Ulikuwa haufikiki maji yakipwa, basi, kwa sababu ya matumbawe. Maji yakijaa kila mtu anakuja. Mimi niliukuta mtupu asubuhi kama mtu anayeingia ukumbini kabla ya harusi akasema, ah, pametulia hapa.

Kukimbilia kwa mama watoto kulihitaji kuvuka hatua kama ishirini za wazi. Nilimtazama bata, nikazitazama zile kamera. Nikachagua jiwe. Nikazunguka upande wa pili, nikajikunja mpaka maji yakanifika kifuani, taulo nimelishika kwa mkono mmoja, uso nimeutengeneza uonekane wa mtu anayefurahia maumbile.

Mashua ya kwanza ikasimama hatua chache kutoka pale. Kijana mmoja akachungulia maji, akampigia kelele Nahodha: "Mzee, hapa kina chake?"

"Yanafika kiunoni."

Wote wakageuka kunitazama, nikiwa nimetoa kichwa na mabega tu. Wakamtazama mzee. Wakanitazama tena. Hakuna aliyeruka. Kwa hilo nadhani niliokoa video za watu wengi siku ile.

Nikaanza kuamini kwamba nitakaa pale hadi waondoke. Nilikuwa tayari. Nilishaanza kupiga hesabu kwamba wakikaa saa mbili, ngozi ya vidole itanyauka lakini heshima itabaki. Ndipo Nahodha alipoinama, akatumbukiza upondo wake majini, akainua kitu kinachochuruzika.

"Suruali hii ya nani?"

Watu wakanyamaza. Ilikuwa suruali yangu, ile ya rangi ya udongo, inaning'inia kwenye ncha ya upondo kama bendera ya nchi iliyoshindwa vita. Mzee akaizungusha polepole ili kila upande uone. Nikaangalia upeo wa bahari. Nikafikiria maisha bila suruali ile. Yangewezekana.

"Ya yule bwana!" Sauti ilitoka ufuoni, ile ile iliyokuwa inakula embe. "Yule nyuma ya jiwe!"

Siwezi kueleza makofi yale. Watu thelathini hivi walipiga makofi, mmoja akapiga vigelegele, na mzee, kwa utulivu wa mtu anayemlisha mnyama hatari, akaupitisha upondo juu ya vichwa vyao hadi ulipofika usawa wa pua yangu. Ili niipokee suruali ilinibidi mikono miwili. Mkono mmoja ulikuwa na kazi. Niliuachia kwa nusu dakika tu, na katika nusu dakika hiyo bata aliondoka zake, akapita mbele ya mashua zote mbili, kifua mbele, kofia yake ya ubaharia imekaa sawa.

Kuvaa suruali iliyolowa chini ya maji, umesimama kwa mguu mmoja juu ya jiwe lenye utelezi, sitaki kukueleza. Nilimaliza. Mfukoni mlikuwa na kaa, naye hakufurahia zaidi yangu.

Tuliondoka mapema. Mimi nilikaa mwishoni mwa mashua, kifua wazi, ndara moja, simwangalii mtu. Mama watoto alikuwa anafuta simu yangu kwa ncha ya gauni lake, akaifungua ile programu, akasoma kwa muda.

"Mume wangu, hapa imeandikwa maji yakijaa yanafika mita 12."

"Bamvua," nikasema.

Akageuka kuutazama ule msitu juu ya jabali. "Mita 12 si tungekuwa tunaelea kule juu?" Akateremsha kidole hadi pale panapoandikwa jina la mahali. Akasoma. Akaweka simu mapajani. Mabega yakaanza kumtikisika kabla sauti haijatoka, na ilipotoka ilibidi Nahodha apunguze injini aulize kuna nini. Akamweleza yote: mwezi, jua, Fundy, na "haya" zake mbili.

Mzee hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari nzito, akashika usukani, tukaenda kitambo kirefu bila neno. Tulipokaribia gati akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "na huko Kanada, saa hizi maji yanasemaje?"

Nikaangalia simu.

"Yanapwa, mzee."