Wazazi wa Aaron wamepunjwa
Mwandishi wa uhakiki mmoja anaisifu Latter Days, filamu ya 2003 kuhusu wanaume wawili wanaopendana, kwa kuonyesha dini ilivyo. Mimi naona imeonyesha nusu tu. Aaron, mmisionari Mmormoni (wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) kutoka jimbo la Idaho, Marekani, ni mpole asiyeijua dunia. Christian, mhudumu wa mgahawa Los Angeles, anabadilisha wapenzi kama nguo. Wahusika wa aina hii tumeshawachoka! Lakini kinachoniuma zaidi ni mama yake Aaron na wazee wa kanisa: kulaani na kumtenga tu. C. Jay Cox aliyeiongoza aliwahi kuwa mmisionari mwenyewe, angeweza kutupa mzazi anayekesha akimwombea mwanawe huku moyo unampasuka kwa kumpenda. Na mashoga wanaosali, wasiotaka kuchagua kati ya Mungu na mpenzi, wapo wengi. Nawatafuta kwenye filamu hizi, ni adimu mno.