Gari limekuangusha: ubaki na modeli ileile au uhame?

Gari langu la sasa ni la tatu la modeli moja. La kwanza lilinibeba zaidi ya kilomita 200,000 bila kunidai chochote zaidi ya sevisi, matairi na breki. La pili likafuata nyayo zake. La tatu lilipofika kilomita 90,000 likaanza kula oili: lita nzima kila kilomita 1,500, bila tone sakafuni wala moshi wa kuonekana nyuma. Walioniuzia walinijibu kwamba kiasi hicho kiko ndani ya kiwango kinachokubalika. Mimi sikukikubali. Magari mawili kabla yake nilikuwa nikiyabadilishia oili tu, sikuwahi kuyaongezea katikati ya sevisi.

Nilipolieleza jambo hili kwa watu ninaowaheshimu, nilipata majibu mawili. Wa kwanza wakasema zimwi likujualo halikuli likakwisha: modeli hii unaijua, vipuri vyake unavijua, fundi wako ameizoea, usihangaike. Wa pili wakasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Modeli imekuangusha, iache. Nimekaa na majibu hayo kwa muda mrefu, na naona yote mawili yanachanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Kuna gari ulilonalo, na kuna jina lililobandikwa mgongoni mwake. Unaweza kubaki na gari ukaliacha jina. Unaweza pia kuliuza gari ukabaki na jina. Uamuzi wa kwanza hauufungi wa pili.

Nianze na jina, maana ndilo linalotupoteza zaidi. Modeli ikikaa sokoni miaka 20 au 30, kinachodumu ni jina. Vyuma vilivyo chini yake hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Chukua Toyota Camry. Ile ya mwaka 2007 yenye injini ya lita 2.4, 2AZ-FE, ilijulikana kwa kula oili: ringi za pistoni zilijaa masizi, zikakwama, oili ikapenya na kuungua pamoja na petroli. Camry ya umbo lilelile yenye injini ya silinda sita haikuwa na ugonjwa huo. Na Toyota ilipoweka injini mpya ya lita 2.5 katika toleo la 2010, umbo la gari lilibaki karibu lilelile, lakini aliyefungua boneti alikuta kitu kingine kabisa. Mtu aliyeapa kutoigusa tena Camry na mtu aliyeapa kutoiacha huenda walikuwa wanazungumzia magari mawili tofauti.

Ford Focus inaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Matoleo ya mwaka 2012 hadi 2016 ya gia za otomatiki yalifungwa giaboksi yenye klachi mbili kavu, iliyouzwa kwa jina la PowerShift. Gari lilitetemeka likianza kuondoka, gia ziliteleza, na mengine yalipoteza nguvu yakiwa katikati ya barabara. Focus ya gia za mkono ya mwaka uleule haikuwa na giaboksi hiyo, kwa hiyo haikuwa na balaa hilo. Ukiuliza "je, Focus ni gari la kuaminika?" umeuliza swali lisilo na jibu. Ukiuliza ni injini ipi na giaboksi ipi, umeanza kufika mahali.

Mfano unaonikaa zaidi kichwani, hata hivyo, ni wa Subaru Forester, kwa sababu unawapa haki waliobaki na waliohama pia. Injini ya lita 2.5 ya familia ya EJ, iliyoanza kutumika miaka ya 1990, ilipata sifa mbaya kwa gasketi za silinda hedi, yaani vizibo vinavyobanwa kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake. Zilivuja oili, zikavuja maji ya rejeta, na mwenye gari asiyewahi akaikuta injini imechemka. Kazi ya kuzibadilisha si ndogo. Lakini ugonjwa huo ulikuwa na tiba. Fundi mzuri aliifungua injini, akazipeleka hedi zikasawazishwe, akafunga gasketi za matabaka ya chuma badala ya zile za awali, na injini nyingi zilizotibiwa hivyo zikaendelea kufanya kazi miaka mingi. Aliyelipia kazi hiyo na kuisimamia alibaki na gari ambalo udhaifu wake mkubwa umeshaondolewa. Aliyeuza kwa hasira siku moja baada ya matengenezo alimwachia mtu mwingine faida ya fedha zake mwenyewe.

Kisha Subaru ikaleta injini mpya ya familia ya FB, iliyoingia katika Forester ya toleo la 2011, ikiwa na mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Wapenzi wa modeli waliokuwa wamechoshwa na gasketi waliipokea kwa moyo mkunjufu. Baadhi ya injini hizo za mwanzo zikaanza kula oili. Kesi ikafunguliwa Marekani, na mwaka 2016 makubaliano yakaongeza udhamini wa magari yaliyohusika hadi miaka 8 au maili 100,000, kama kilomita 160,000. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Waliokimbia ugonjwa uliokuwa na tiba inayojulikana walihamia ugonjwa ambao mafundi walikuwa bado hawajaujua.

Hapo ndipo ninapoona hoja ya kubaki ina nguvu kuliko inavyopewa. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza kinachotokea katika soko la magari yaliyotumika: muuzaji anajua hali ya gari lake, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi hujikinga kwa kutoa bei ya chini kwa yote, mabovu na mazima. Lipeleke wazo hilo kwenye gari lako lenye sifa mbaya. Ukiliuza, utalipwa kama mwenye gari bovu, hata kama lako umelitengeneza vizuri na risiti unazo. Kisha unageuka kwenda kununua lingine lililotumika, na sasa wewe ndiye usiyejua. Unapoteza ulipouza, unahatarisha uliponunua. Ongeza maarifa unayoyaacha nyuma: sauti unazozitambua, dalili unazoziwahi, kumbukumbu za sevisi, fundi anayejua boliti ipi huwa inagoma. Hayo yote hayana bei sokoni, lakini ni mali.

Hata hivyo hoja hiyo inasimama juu ya sharti moja: ugonjwa uwe unapona. Na si kila ugonjwa unapona. Wamiliki wengi wa magari yenye giaboksi ya PowerShift walibadilishiwa klachi, gari likatulia kwa muda, kisha mtetemo ukarudi, wakabadilishiwa tena. Hapo kilichokuwa kinatengenezwa ni matokeo ya tatizo. Chanzo kilikuwa katika muundo wenyewe wa giaboksi. Tofauti hii kati ya ubovu unaotoka mara moja na ubovu unaorudi ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha uamuzi wote, na ajabu ni kwamba watu hukadiria ukubwa wa gharama peke yake. Gharama kubwa inayolipwa mara moja inaweza kuwa nafuu kuliko gharama ya wastani inayorudi kila mwaka.

Kuna njia rahisi ya kuanza kuzitofautisha. Muulize fundi, au muuza vipuri, kama kipuri kipya ni sawasawa na kile kilichoharibika. Watengenezaji wanaporekebisha muundo, mara nyingi hubadilisha namba ya kipuri, wakati mwingine herufi au tarakimu za mwisho tu. Namba ikiwa mpya, muulize nini kimebadilika. Ikiwa ni ileile, na kilichotoka kiliharibika bila kosa lako, una sababu ya kutarajia kwamba kinachoingia kitaishi umri uleule. Swali hilo moja lilinisaidia kuliko mabishano yote niliyoyasikia kuhusu nchi ipi inatengeneza magari mazuri.

Sasa upande wa kuhama, ambao sitaki kuupita kwa haraka, kwa kuwa wapenzi wa modeli hatuusikilizi vizuri. Hoja dhaifu zaidi ya kubaki ni ile ya "nimeshatia fedha nyingi humu." Fedha zilizotoka zimetoka, ubaki au uhame. Kinachopaswa kupimwa ni zitakazotoka kuanzia kesho. Nimemwona mtu akibadilisha rejeta, kisha pampu ya maji, kisha hedi, na kila mara sababu ya kulipia kifuatacho ilikuwa kwamba ameshalipia kilichotangulia.

Kisha kuna gharama isiyoonekana kwenye risiti. Gari likishakuacha njiani usiku, hulipandi tena kwa moyo uleule. Unasikiliza kila mlio, unatazama geji ya joto mara nyingi kuliko barabara. Safari ndefu unaiahirisha. Kama ubovu wenyewe ni wa kupoteza nguvu unapolipita gari jingine, au wa breki, au usukani, mimi sioni la kupima: hapo hatuzungumzii tena uaminifu kwa modeli, tunazungumzia watu walioketi ndani. Gari linalokula oili unaweza kuliongezea oili na kuishi nalo. Gari linalozimika katikati ya barabara halistahili subira ya aina hiyo.

Linalobaki ni jinsi mtengenezaji alivyojibu, na hapa ndipo nilipobadilika zaidi. Zamani niliamini kampuni nzuri ni ile isiyokosea. Historia haina kampuni hiyo. Toyota yenyewe, ambayo jina lake limekuwa kama kipimo cha kuaminika, ilikuwa na injini za miaka ya 1997 hadi 2002 ambazo oili yake iliganda na kuwa tope zito. Mwanzoni lawama ziliwaelekea wamiliki, kwamba hawakubadilisha oili kwa wakati. Mwaka 2002 kampuni ikakubali kugharimia injini hizo kwa miaka 8 tangu gari liliponunuliwa, kwa magari kama milioni 3.3. Ilichelewa, lakini ilifika. Honda, injini za Civic za mwaka 2006 hadi 2009 zilipoanza kupasuka bloku na kuvuja maji, iliongeza udhamini wa bloku hadi miaka 10 bila kikomo cha kilomita. Ukinunua gari la kampuni ya namna hiyo hujaahidiwa gari lisiloharibika, ila una sababu ya kutumaini kwamba likiharibika hutabeba mzigo peke yako.

Hyundai inanipa taabu zaidi kuihukumu. Ilipoingia Marekani mwaka 1986 na Excel, iliuza sana kwa bei rahisi, kisha ikaharibu jina kwa ubora hafifu. Mwaka 1998 ikatangaza huko udhamini wa miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi, na wengi wakarudi, kwa haki kabisa. Halafu zikaja injini za Theta II zilizokwama beringi, magari yakaitwa yarudi kukaguliwa mwaka 2015 na tena mwaka 2017, na mwaka 2020 Hyundai na Kia zikakubali adhabu ya jumla ya dola milioni 210 nchini humo kuhusiana na kuchelewa kuyaita. Kabla ya adhabu hiyo, mwaka 2019, wamiliki waliohusika walikuwa wametangaziwa udhamini wa injini wa maisha. Ni kampuni ileile, iliyoongoza kwa udhamini na iliyochelewa kusema. Mtu akiniambia anabaki nayo kwa sababu ya udhamini, simpingi. Akiniambia amehama kwa sababu ya ucheleweshaji, simpingi pia. Wote wamepima kitu halisi.

Kuna swali jingine ambalo ni la mwenye gari mwenyewe, nalo ni fupi: je, ulilitunza? Oili iliyocheleweshwa huharibu injini nzima hata ya modeli bora kuliko zote, na ukihama bila kujibu swali hili utauhamisha ubovu pamoja nawe. Kwangu niliporudi kwenye kumbukumbu nilikuta sevisi zote zilifanywa kwa wakati, ingawa kwa vipindi virefu vilivyoelekezwa na kitabu cha gari. Tangu hapo nabadilisha kila kilomita 5,000 na sijali kitabu kinasema nini.

Gari langu nimebaki nalo. Fundi aliifungua injini, akatuonyesha pistoni: ringi za oili zilikuwa zimeshikana kwa masizi hata kidole hakikuweza kuzisogeza. Zilizoingia zilikuwa na namba tofauti na zilizotoka, na matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo. Tuliziweka mezani kwa pamoja, tofauti ikaonekana kwa macho. Limeshakwenda kilomita 30,000 tangu siku hiyo, na alama ya oili kwenye kijiti haishuki kati ya sevisi na sevisi.

Jina ndilo nililoliacha, au niseme nimeliweka pembeni. Toleo jipya la modeli hii limetoka likiwa na injini nyingine yenye taabo (turbo), ndogo kuliko yangu, na nimeshapigiwa simu mara mbili kama mteja wa zamani. Nimewaambia nitasubiri hadi nione magari hayo yamefika kilomita 100,000 mikononi mwa watu, kisha nimuulize fundi wangu ni vipuri gani vinavyoagizwa sana. Wakati huohuo naangalia magari mawili ya watengenezaji wengine, na kwa yote mawili nimeanza na namba ya injini.