Susan Helms: uhandisi ulimpandisha hadi nyota tatu, sahihi moja ikamkwamisha

Luteni Jenerali Susan Helms alistaafu Jeshi la Anga la Marekani mwaka 2014. Kufikia hapo jina lake lilitajwa zaidi kwa waraka aliotia sahihi Februari 2012, wa kufuta hatia ya shambulio la kingono, kuliko kwa siku 211 alizokaa angani akiwa mwanaanga. Watetezi wake husema aliponzwa na siasa, wapinzani husema alivuna alichopanda. Pande zote mbili huanzia kwenye waraka huo. Ukianzia kwenye kazi yake ya kwanza, ugomvi unaonekana tofauti kidogo.

Sheria iliyofungua vyuo vya maafisa kwa wanawake ilisainiwa Oktoba 1975. Mwaka uliofuata wanawake 157 waliingia Chuo cha Jeshi la Anga, na 97 walihitimu 1980, Helms akiwa mmoja wao, na shahada ya uhandisi wa ndege. Mlango wa chuo ulikuwa wazi, lakini rubani mwanamke hakuruhusiwa kurusha ndege za kivita vitani hadi Aprili 1993. Kwa aliyetaka kuwa karibu na ndege hizo, uhandisi ulikuwa njia ya uhakika. Helms alipelekwa kambi ya Eglin, Florida, kushughulikia utenganishaji wa silaha, yaani jinsi bomu linavyoachana na ndege, kwanza kwenye F-16, kisha akaongoza wahandisi wa F-15.

Kazi hiyo ina ufundi kuliko inavyosikika. Bomu haliachiwi tu likaanguka. Hewa inayopita kati ya bomu, tangi la mafuta na tumbo la ndege hubanwa, na kadiri ndege inavyokaribia kasi ya sauti ndivyo mgandamizo unavyobadilika ghafla. Bomu linaweza kuinua pua, kuyumba na kuigonga ndege iliyolibeba. Ndiyo maana kishikizo chake huwa na pistoni zinazolisukuma chini kwa nguvu ya baruti. Msukumo wa mbele na wa nyuma usipowiana, bomu hupinduka. Mhandisi huanza na modeli ndogo kwenye handaki la upepo, hukokotoa njia litakayopita bomu, kisha ndege halisi huruka huku kamera za kasi zikirekodi kila bomu linapoachiwa. Picha hulinganishwa na hesabu, na kasi hupandishwa hatua kwa hatua. Zikipishana, jaribio linasimama. Hapa kuna jambo la kukumbuka mbele: anayeandika kikomo cha usalama kwa kawaida hakuwemo ndani ya ndege. Anasoma kumbukumbu, na ana haki ya kumpinga rubani aliyekuwemo.

Kutoka hapo alipata shahada ya uzamili Stanford mwaka 1985, akafundisha chuoni kwake, akapita shule ya marubani wa majaribio Edwards kama mhandisi wa majaribio ya ndege, kisha akafanya kazi na ndege za kivita za CF-18 huko Cold Lake, Kanada. NASA ilimchagua 1990. Januari 1993 akawa mwanajeshi mwanamke wa kwanza wa Marekani kufika angani.

Kinachonukuliwa sana ni matembezi ya angani ya Machi 11, 2001, ambapo yeye na Jim Voss walikaa nje saa 8 na dakika 56, rekodi iliyodumu hadi Desemba 2024, ilipovunjwa na Wachina. Watu huisimulia kama habari ya stamina, lakini kilichorefusha siku ile ni mpangilio wa kazi. Kipande cha kuunganishia vyombo, PMA-3, kilipaswa kuhamishwa ubavuni mwa Unity, moduli ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ili kupisha kontena la mizigo. Ilibidi kung'oa nyaya zake nane na kuondoa antena iliyokalia nafasi mpya. Mapema kifaa kimoja cha kushikilia miguu kilichoropoka na kupotelea angani, ikabidi wafuate cha akiba. Walipomaliza sehemu yao hawakuvua mavazi. Walisubiri ndani ya chumba cha kutokea wakati mwenzao akihamisha PMA-3 kwa mkono wa roboti, wakiwa tayari kutoka tena kama kingekwama. Sehemu ya rekodi hiyo, basi, ni subira tu.

Je, njia hii inamwandaa mtu kuwa kamanda? Wanaosema hapana wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Miaka 12 NASA ni miaka 12 nje ya ngazi ya kawaida, wakati wenzake wakiongoza vikosi, wakishughulikia nidhamu, likizo, ajali na kesi. Mwanaanga husimamia mitambo na timu ndogo iliyochujwa mno. Kamanda hukabidhiwa watu wa kila aina. Upande wa pili hujibu kwamba aliporudi jeshini 2002 alipewa kazi zinazotaka fikra hizohizo. Mwaka 2006 alikabidhiwa Kikosi cha 45 cha Anga za Juu huko Florida, kilichosimamia urushaji wa roketi kutoka Cape Canaveral, ambako roketi ikipotoka lazima ilipuliwe kabla haijaelekea kwenye makazi ya watu. Kule mtu hahukumu kwa kuona moshi, anahukumu kwa takwimu. Nadhani kwa kazi ile hoja ya watetezi inashinda bila taabu. Mwaka 2011 alipata nyota ya tatu na kuongoza operesheni za anga za juu kutoka Vandenberg, California.

Lakini cheo hicho kilikuja na kalamu nyingine. Kifungu cha 60 cha sheria ya kijeshi kilimpa kamanda aliyeitisha mahakama mamlaka ya kufuta hatia kwa hiari yake. Februari 2012 Helms alifuta hatia ya shambulio la kingono iliyotolewa na jopo la maafisa watano dhidi ya kapteni mmoja, akaweka kosa dogo zaidi. Mshauri wake wa sheria alimshauri asifanye hivyo. Katika waraka wake alieleza kuwa, kwa kusoma kumbukumbu za kesi, upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa bila kuacha shaka.

Machi 2013 aliteuliwa kuwa naibu kamanda wa Kamandi ya Anga za Juu ya Jeshi la Anga. Seneta Claire McCaskill akauzuia uteuzi, na Novemba ukaondolewa bila Seneti kupiga kura. Hoja ya seneta ilikuwa rahisi: Helms hakuwepo mahakamani, hakuwaona mashahidi wakihojiwa, na waliowaona walikuwa wameshaamua.

Watetezi wana jibu. Hakuvunja sheria. Kifungu kilimruhusu, na kamanda asiyethubutu kukitumia kwa hofu ya kutopandishwa cheo hamlindi mshtakiwa yeyote. Isitoshe, mtu mmoja kuzima uteuzi bila kura si utaratibu wa kujivunia. Wengine huongeza kuwa aliandamwa kwa sababu ni mwanamke. Hoja hii ya mwisho ni dhaifu. Februari 2013 Luteni Jenerali Craig Franklin, mwanamume, alifuta hatia kama hiyo huko Aviano, Italia. Zogo likawa kubwa zaidi, na Januari 2014 akatangaza kustaafu.

Kwangu kiini kiko Eglin. Kusoma kumbukumbu na kumpinga aliyekuwepo ni fadhila pale shahidi ni kamera. Bomu likiinua pua, filamu haina sababu ya kusema vingine. Binadamu kizimbani hupimwa kwa sauti, kusita na macho, na hayo hayaingii kwenye karatasi. Kosa, kama lilikuwa kosa, lilikuwa la kutumia kipimo sahihi mahali pasipo pake, na aliyemkabidhi kipimo hicho ni Bunge lenyewe. Bunge nalo lilionekana kulijua hilo: sheria ya ulinzi iliyosainiwa Desemba 2013 iliwanyang'anya makamanda mamlaka ya kufuta hatia katika makosa mazito, kwa matendo yatakayofanyika kuanzia katikati ya 2014, mwaka uleule Helms alipovua sare.