Mita Inanikonyeza

Ijumaa usiku nimesimama ukutani na taulo langu kiunoni, tochi ya simu mkononi, natazama LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Kile kitaa chekundu kinakonyeza, kinakonyeza, kama mtu anayejua siri yangu. Na taa zote nimezima! Watoto wanakula pilau gizani, mmoja kang'ata tangawizi akidhani nyama.

"Baba Zuu, utatumaliza na giza lako," mama Zuu analalamika.

Jamani, si ubahili. Mwaka jana tulikuwa kundi la watumiaji wadogo, wale wasiovuka uniti 75 kwa mwezi. Uniti moja na makato yake, shilingi 122. Nanunua umeme wa elfu tisa na ushee, mwezi unakatika. Kijiweni natamba, eti siri ni nidhamu. Kumbe siri ilikuwa hatuna friji.

Friji ikaja. Ya mtumba, mpira wa mlango umelegea, tunaegemeza tofali. Joto linaingia, mashine hailali, inaunguruma kutwa kucha kama daladala linalopanda mlima. Shemeji akaona fursa, akaanza barafu za ukwaju. Tukavuka 75. Tukahamishwa kundi. Sasa uniti moja 356 na ushee, na zile zile 75 zinataka karibu elfu 27!

Na ukinunua mara ya kwanza kila mwezi, inachomolewa kwanza 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo lenyewe nimepanga! Nikimkumbusha mwenye nyumba arudishe, anasema tutapigiana hesabu. Hesabu hiyo ina miaka sasa.

Fundi wa mtaani akanichambulia: taa ya wati 10 inawaka saa 100 ndipo imalize uniti moja. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja tu. Hapo mama Zuu akanitazama. Nani anapiga pasi kila asubuhi, shati, suruali, mpaka leso na soksi? Nikamwambia fundi turudi kwenye friji.

Basi usiku ule nikaichomoa kimyakimya. Kitaa kikatulia. Nikalala usingizi wa mtoto.

Asubuhi barafu 60 zimekuwa juisi ya uvuguvugu, sakafu yote inanata. Moja 200. Shemeji ananidai 12,000, kakaa mlangoni, pasi kaikumbatia.